Adapta ya lenzi ya kujitengenezea: vitu vya mbali havishiki fokasi, na chembechembe za kioo zinaonekana

mtafuta_fokasi

Wakuu, salaam.

Naomba msaada wa kazi ambayo imenichukua miezi miwili na bado haijakaa sawa. Nina kamera ndogo ya video ambayo lenzi yake haitoki, na sensa yake ni ya theluthi moja ya inchi, yaani takriban milimita 4.8 kwa 3.6. Anayezijua kamera za aina hii anajua udhaifu wake: mtu, ukuta ulio nyuma yake na mti ulio nyuma ya ukuta vyote vinatoka vikali kwa kiwango kimoja, kwa hiyo jicho la mtazamaji halina pa kutua. Niliamua kujitengenezea adapta, ile ambayo lenzi ya kamera ya picha za mnato inatupa taswira juu ya kioo cha ukungu, na kamera ya video inaipiga taswira hiyo kutoka upande wa pili wa kioo.

Lenzi niliyotumia ni ya Nikon ya milimita 50, f/1.8, ya zamani, yenye ringi ya kufungulia na kufinya tundu la kupitishia mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kishikio chake nilikitoa kwenye ringi ya kurefushia lenzi, zile zinazotumika kupigia picha za vitu vidogo, nikakibandika kwa gundi kwenye bomba la plastiki nililolipaka rangi nyeusi isiyong'aa kwa ndani. Kioo cha ukungu kina unene wa milimita 2, nilikisaga mwenyewe kwa unga wa oksidi ya alumini, na upande uliosagwa unaitazama lenzi. Kati ya kioo na kamera kuna lenzi ya kukuzia ya daiopta 10 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), iliyoskrubiwa mbele ya lenzi ya kamera ya video.

Kutoka uso wa kishikio hadi kwenye kioo nilipima milimita 46.5 kwa rula ya chuma, kwa kuwa ndicho kipimo cha Nikon, na nashuku kwamba nilikosea hapo hapo. Nikiizungusha lenzi hadi kwenye alama ya mbali kabisa, kitu cha mwisho kinachotoka kikali kiko kama mita 5 kutoka kwenye kamera, na kila kilicho ng'ambo ya hapo kinabaki na ukungu hata nifanye nini. Tena, nikishika fokasi upande wa kushoto wa picha, upande wa kulia unalegea, na nikishika wa kulia, wa kushoto unalegea. Nikifinya tundu hadi f/8 pande zote mbili zinakaribiana, ila hapo chembechembe za kioo zinajitokeza kama vumbi la chokaa juu ya picha nzima. Kinachoniudhi kuliko vyote ni pale ninapoigeuza kamera polepole kumfuata mtu: mtu anasogea, chembechembe zimeganda palepale, ikawa kana kwamba anatembea nyuma ya dirisha chafu.

Pembe za picha nazo ni nyeusi huku katikati kukiwa na mwanga mwingi. Halafu kuna doa moja, lenye ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, ambalo halina chembechembe hata moja. Hapo mwanga unapita kana kwamba kioo hakikusagwa kamwe. Nimelifuta kwa kitambaa kikavu mara tatu, na sasa naona limetanuka.

Nianzie wapi? Kila ninapogusa kimoja, kingine kinaharibika, na sijui tena ni lipi tatizo na lipi ni matokeo yake.

fundi_wa_vipimo

Mkuu, anza na mahali kioo kilipokaa, wala usiguse kingine mpaka hapo pakae sawa. Umetoa namba yenye thamani kubwa kuliko unavyodhani, nayo ni hiyo mita 5. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa umbali ambao kioo kimezidi kurudi nyuma. Jibu lake ni takriban umbali wa mwisho ambao lenzi inaweza kuushika ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa. Lenzi yako ni ya milimita 50, na 50 mara 50 ni 2,500, na mita zako 5 ni milimita 5,000, kwa hiyo kioo chako kimezidi kwa nusu milimita. Kingezidi milimita 1 kamili ungeishia mita 2.5, na kingezidi robo milimita ungefika mita 10. Rula haiwezi kukuonyesha nusu milimita ndani ya bomba, lakini lenzi imekuonyesha.

Sasa hilo la kushoto na kulia. Kioo chako kimelala upande. Wengi hudharau jambo hili kwa sababu kwa macho kioo kinaonekana kimenyooka, lakini hebu tazama uhuru ulio nao. Kwa kanuni ya kawaida ya kukubali ukungu wa milimita 0.03 kwenye fremu ya milimita 36 kwa 24, lenzi iliyofunguliwa f/1.8 inakuruhusu kukosea kwa takriban milimita 0.05 tu, mbele au nyuma. Hiyo ni nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Ukifinya hadi f/8 uhuru huo unafika karibu robo milimita, na ndiyo maana pande zako mbili zinapatana hapo. Hazikupatana kwa sababu kioo kimenyooka, bali f/8 inakusitiri.

Nadhani makosa haya mawili ni kosa moja. Umesema kishikio umekibandika kwa gundi, na gundi haikauki kwa unene ulio sawa. Hujaa upande mmoja na kupungua upande mwingine, hivyo inakisukuma kishikio mbele na kukiinamisha kwa wakati mmoja. Tafuta kalipa ya vernia, kile kifaa cha kupimia unene na kina kwa usahihi kuliko rula, utumie ule mkia wake wa kupimia kina, upime kutoka uso wa kishikio hadi kwenye kioo katika sehemu nne: juu, chini, kushoto na kulia. Usiuache mkia wa chuma uguse upande uliosagwa moja kwa moja. Weka kipande cha karatasi katikati, upime unene wa karatasi hiyo peke yake, kisha uujumlishe kwenye kila kipimo, maana mkia umesimama juu ya karatasi.

Namba zikitofautiana, usijaribu kurekebisha kwa kuongeza gundi. Bandua kishikio, ukikaze kwa skrubu tatu zenye springi ndogo chini yake, zilizopangwa kwa umbali ulio sawa kuzunguka mdomo wa bomba. Tatu zinatosha kama mafiga. Ukiweka nne, mojawapo itakuwa inapigana na wenzake kila unapokaza.

Kabla ya kupima kwa picha, ondoa fokasi ya kujiendesha kwenye kamera ya video, uvute karibu, na uzungushe fokasi kwa mkono mpaka chembechembe za kioo zenyewe zitoke kali kabisa. Kisha usiiguse tena. Ukiruka hatua hii utakesha unaisahihisha lenzi ya mbele huku kosa liko kwenye kamera ya nyuma. Baada ya hapo elekeza adapta kwenye kitu kilicho mbali zaidi ya mita 100, weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, fungua f/1.8, na ukaze skrubu robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi kitu hicho kiwe kikali kushoto, katikati na kulia.

Umefanya vizuri kuelekeza upande uliosagwa kwenye lenzi. Ungekuwa umeugeuza nyuma, mwanga ungepita kwanza ndani ya milimita 2 za kioo, na taswira ingesogea nyuma kwa takriban theluthi moja ya unene huo, yaani milimita 0.67, na hesabu yote ya hapo juu ingevurugika. Nalisema kwa faida ya watakaosoma baadaye.

unga_na_maji

Mwenzangu hapo juu amemaliza suala la kipimo, nami nitazungumzia kioo chenyewe.

Hilo doa lisilo na chembechembe ni mafuta ya kidole chako. Kioo cha ukungu kina ukungu kwa sababu uso wake umejaa vishimo vidogo vinavyotawanya mwanga. Mafuta yakivijaza, mwanga unapita moja kwa moja kwa kuwa mafuta na kioo huupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribiana. Ukitaka ushahidi, dondoshea tone la maji kwenye upande uliosagwa wa kioo chochote chakavu, na papo hapo utaona mpaka ng'ambo. Kitambaa kikavu kinayasambaza mafuta, ndiyo maana doa lako limetanuka. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisuuze kwa maji safi, ukiache kikauke kikiwa kimesimama, na tangu sasa ukishike kwenye kingo tu.

Kuhusu chembechembe, hukututajia ukubwa wa unga uliotumia, na hapo ndipo ilipo nusu ya jibu. Unga unaouzwa kwa kazi za kusugulia lenzi huandikwa ukubwa wake kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Mimi huanza na wa mikroni 9 ili kuuondoa mng'ao wa asili, kisha humaliza na wa mikroni 5. Weka kipande cha kioo bapa mezani, matone machache ya maji, unga kidogo, kisha kioo chako juu yake, na ukizungushe kwa mwendo wa namba nane bila kukikandamiza. Sikiliza sauti. Mwanzoni ni mkwaruzo kama mchanga chini ya soli ya kiatu. Unga unapovunjika sauti inapungua hadi kuwa mnong'ono, na vioo vinaanza kung'ang'aniana. Hapo suuza, weka unga na maji mapya, uendelee. Kabla ya kuhamia unga mwembamba zaidi osha kila kitu, pamoja na kucha zako, kwa sababu punje moja tu ya unga mnene itakuchorea mstari utakaouona katika kila picha utakayopiga. Usisage kikavu hata kidogo, maana vumbi hilo halifai kuvutwa mapafuni.

Hata hivyo, usifikiri kwamba kadiri kioo kinavyokuwa laini ndivyo kinavyokuwa bora. Kikizidi ulaini kinaacha kuishika taswira, na kamera ya video inaanza kuona taswira iliyo hewani, nyuma na mbele ya kioo. Ukifika hapo utashangaa kwamba umepoteza kila kitu ulichokuwa ukikitafuta: mandharinyuma yanarudi kuwa makali kama zamani. Kipimo chake ni rahisi. Piga kitu cha karibu chenye mandhari ya mbali, kwanza kwa f/1.8, kisha kwa f/4. Ukungu wa nyuma usipobadilika kwa kiasi kinachoonekana, kioo chako hakitawanyi mwanga vya kutosha.

Lakini hakuna kioo kilichotulia ambacho hakitaonyesha chembechembe hata kidogo, hasa ukipita f/5.6, kwa sababu tundu likiwa dogo mwanga unafika kwenye kioo ukiwa umebana, na kila kishimo kinapata kivuli chake. Dawa yake ni kukitikisa kioo. Njia ninayoipenda ni mota ndogo ya mtetemo ya simu, ile yenye kipande cha chuma kilichoegemea upande mmoja. Kioo kinafungwa kwenye fremu nyepesi inayoning'inia kwa springi au mpira, na mota inabandikwa kwenye fremu hiyo ili kioo kichore duara dogo. Mhimili wa mota uelekee upande ule ule inakotazama lenzi, ili mtikisiko ubaki ndani ya bapa la kioo. Kikitikisika mbele na nyuma, zile milimita 0.05 za mwenzangu zitakwisha mara moja.

Mota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inamaliza mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo shata ya 1/50, yaani kila picha ikipokea mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, inapata mzunguko mmoja kamili na chembechembe zinapotea. Ukipandisha shata hadi 1/500 inapata sehemu ya kumi tu ya mzunguko, na chembechembe zitarudi. Kwenye jua kali punguza mwanga kwa kichujio cha kijivu mbele ya lenzi, usiguse shata.

Wapo wanaotumia sahani tupu ya CD, ile ya plastiki angavu isiyo na tabaka linaloakisi, inayowekwa kwenye mrundo wa CD kuzilinda, wakaisaga na kuizungusha kwa mota. Chembechembe hupotea kabisa kwa njia hiyo. Nimeijaribu, nikaiacha kwa sababu sahani ilikuwa ikipepesuka, na kila ilipopepesuka picha ilikuwa inapumua.

mtafuta_fokasi

Wakuu, nimeosha kioo na doa limekwisha. Nimeona aibu kidogo.

Nimepima pia kwa kalipa kama nilivyoelekezwa. Baada ya kujumlisha karatasi nimepata 47.0 juu, 47.0 chini, 46.8 kushoto na 47.2 kulia, kwa hiyo katikati nimezidi kwa nusu milimita, sawasawa na mlivyokadiria kabla hamjakiona kifaa changu. Nilipobandua kishikio nikakuta gundi imejikusanya upande wa kulia. Nasubiri skrubu na springi. Wakati huo huo, je, pembe nyeusi zitaondoka kioo kikinyooka? Na mnafanyaje kuhusu picha kupinduka?

nyuma_ya_kioo

Hazitaondoka, ndugu, kwa sababu chanzo chake ni kingine. Mwanga unaofika kwenye pembe za kioo unatoka kwenye lenzi ukiwa umeelekea nje, na kioo laini hakiutawanyi kiasi cha kuusahau mwelekeo wake. Unaendelea kwenda nje na kuikosa lenzi ya kamera ya video. Mwanga wa katikati unakwenda moja kwa moja, ndiyo maana ni mwingi. Kadiri ulivyosaga kioo kikawa laini, ndivyo pembe zitakavyokuwa nyeusi zaidi, kwa hiyo ushauri wa mwenzangu kuhusu unga una gharama yake hapa.

Kuna njia tatu, na mimi nilitumia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni lenzi mbinuko yenye upande mmoja bapa, pana kuliko fremu, inayowekwa karibu kabisa na kioo kwa upande wa kamera ya video, uso wake bapa ukielekea kioo. Kazi yake ni kuurudisha ndani ule mwanga unaokimbia. Yangu ina kipenyo cha milimita 50 na urefu wa fokasi wa milimita 100, na ilinitosha. Kwa kuwa iko karibu na kioo, vumbi lolote lililo juu yake litaonekana, na tofauti na chembechembe, vumbi hilo halitikisiki. Isafishe kabla ya kuifungia ndani.

Ya pili ni kuisogeza kamera ya video mbali. Lenzi ya kukuzia ya daiopta 10 inaishika taswira kwa umbali wa milimita 100 kamera ikiwa imewekwa kwenye alama ya mbali kabisa. Ya daiopta 5 inakupeleka milimita 200, na hapo mwanga wa pembeni hauhitaji kupinda sana ili uingie. Adapta inakuwa ndefu kama bunduki, nakiri, na itahitaji fito mbili za chuma chini yake ili uzito usiivunje nyuzi ya mbele ya kamera. Kama unaweza, chagua lenzi ya kukuzia iliyoundwa kwa vioo viwili vilivyounganishwa, kwa kuwa ile ya kioo kimoja huacha kingo za zambarau na kijani kwenye kila mstari mweupe ulio pembeni. Ya tatu ni kuvuta karibu na kutumia sehemu ya katikati tu, mathalani milimita 24 kwa 13.5; mimi siipendi kwa sababu inakuza chembechembe na kuibana picha.

Picha imepinduka juu chini na kushoto kulia, kwa hiyo kwenye programu ya kuhariria unaizungusha nyuzi 180. Ukiigeuza juu chini peke yake, maandishi yote yatasomeka kinyume. Wakati wa kupiga, unaweza kuifunga kamera ya video kichwa chini nyuma ya adapta. Itarekodi picha iliyosimama sawa, na monita ya nje itakuonyesha sawa, ila skrini ya kamera yenyewe itabaki imepinduka kwa sababu nayo imegeuka pamoja na kamera.

shata_wazi

Samahani kwa kuingilia. Sioni sababu ya kazi yote hii. Tangu mwaka 2008, zilipotoka Nikon D90 na Canon 5D Mark II, kamera ya picha za mnato inarekodi video kwa sensa kubwa, bila kioo cha ukungu, bila mota na bila kupoteza mwanga. Adapta hizi, hata ile Mini35 ya P+S Technik ya Ujerumani iliyotumiwa na watu wa filamu, zilikuwa daraja la kuvukia, na sasa mto umekauka.

fundi_wa_vipimo

Kwa anayetaka picha safi tu, umesema kweli, na mwanga kweli unapotea. Adapta yangu inakula kama hatua moja na nusu, na kila hatua ni kupungua kwa mwanga kwa nusu. Lakini taswira iliyopita kwenye kioo ina ulaini wake, mwanga mkali unamwagika kidogo kingoni, na wapo tunaoutafuta ulaini huo kwa makusudi. Mwenye swali ameuliza namna ya kuinyoosha adapta yake. Tumsaidie hilo.

mtafuta_fokasi

Nimerudi na matokeo. Skrubu tatu zimekaa, na baada ya jioni nzima ya kukaza na kulegeza nimepata mnara ulio mbali sana ukiwa mkali kushoto, katikati na kulia kwa f/1.8. Mota nayo imefungwa. Ukiiwasha unaziona chembechembe zikichemka kwa muda mfupi wakati inapandisha kasi, kisha zinayeyuka na uso wa mtu unabaki peke yake.

Limebaki moja: mlio wa mota unaingia kwenye maikrofoni ya kamera. Nimeweka sifongo chini ya fremu, mlio ukapungua lakini haukwisha, kwa hiyo kwa sasa ninarekodi sauti kwa kinasa sauti kilicho mbali na kamera, na kupiga kofi moja mbele ya lenzi ili nipate pa kuoanisha. Aliyewahi kuinyamazisha mota bila kuizuia isitikise kioo, naomba anieleze alitumia nini.